UZI: Muziki wa dansi Dar unabebwa na nani leo? Wakongwe na vijana, tuongee

Mdau wa Dansi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila mwanamuziki wa dansi anapotutoka, humu tunafungua uzi, tunaweka picha yake ya enzi hizo, tunaandika "mbuyu umeanguka", keshokutwa tumehamia kwenye mambo mengine. Tulifanya hivyo kwa Remmy Ongala mwaka 2010, kwa Muhidin Gurumo 2014, kwa Shaaban Dede 2017, kwa King Kikii 2024. Wanastahili heshima hiyo na zaidi. Lakini leo nataka tuwaongelee walio hai: wazee ambao wikiendi bado wanapanda jukwaani, na vijana wanaosimama pembeni yao wakiwa na gitaa ambalo mara nyingi hata si lao.

Hoja yangu ni hii. Dansi ya Dar imevuka miaka yote hii kwa sababu bendi zetu ni shule. Hakuna chuo kilichomfundisha mtu kupiga kama Msondo au kama Sikinde. Mtu anaingia bendini anajua kidogo, anakaa jirani na anayejua, anaiba kwa macho na masikio, mwisho anakabidhiwa nafasi. Mnyororo huo ukikatika, basi tena, hata zilipendwa zipigwe kwenye kila harusi kuanzia Mbagala mpaka Bunju.

Tuanzie mbali kidogo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Miaka ya mwisho ya 1950 zikaja Kilwa Jazz na Western Jazz. Mwaka 1964 ikaundwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, na chama kilivyokuwa kikibadilika jina bendi nayo ikabadilika: Juwata Jazz, OTTU Jazz, mpaka watu wakaishia kuiita kwa mtindo wake, Msondo Ngoma. Halafu kila taasisi ikataka bendi yake. Umoja wa vijana wa chama tawala ukawa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Bima likawa na Bima Lee, polisi, jeshi, JKT, wote. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji, ndiyo Sikinde ya leo.

Mfumo ule ulikuwa na shida zake nyingi tu, lakini ulimpa mwanamuziki kitu ambacho leo hana: mshahara na muda. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mazoezi yalikuwa kazini, mchana kweupe. Kijana alipata nafasi ya kukosea mbele ya wakubwa zake na kurekebishwa, hakuna aliyekuwa anamhesabia saa ya ukumbi.

Jambo la pili ni kuhamahama. Wapenzi tulikasirika sana mwanamuziki akihama, ilikuwa kama mchezaji kutoka Simba kwenda Yanga. Gurumo alikuwa NUTA tangu 1964, akaenda kuanzisha Mlimani Park 1978, akaondoka tena 1985 kwenda Safari Sound, kisha akarudi nyumbani Msondo. Mwimbaji Hassan Bitchuka naye amezunguka humo humo. Kila aliyehama alibeba ujuzi wa nyumba aliyotoka na kuupeleka nyumba nyingine. Mtazameni Michael Enoch: alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz, baadaye tunamkuta Mlimani Park na saksafoni mdomoni, anapanga sauti za wapulizaji. Mtu mmoja, bendi mbili za vizazi viwili, na wote waliokaa naye wameondoka na kitu.

Sasa niwaambie nilichokiona kwenye mazoezi ya bendi moja, mchana wa jua kali, upande wa Ilala. Jina la bendi naliacha. Kijana alikuwa kwenye gitaa la ridhimu, mkono wake mwepesi kweli, anajua kona zote. Wimbo ulipofika kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha watu, akaanza kujaza: kila palipokuwa na uwazi anatia noti. Mzee wa solo akasimamisha bendi nzima. Hakufoka. Akamwambia, "Mwanangu, hapo unapojaza ni kwa mwenzako." Akamchukulia gitaa, akapiga mkwaruzo ule ule mfupi, unarudia tu, unarudia tu, akamwashiria wa second solo aingie. Ndipo ukasikia: second solo inajibu pale ridhimu inaponyamaza, besi inapita chini yao, na ngoma ya tumba inawafunga wote. Mzee akarudisha gitaa, akasema, "Haya, sasa wewe." Kijana akapiga, wakasimamishwa, akapiga tena, wakasimamishwa, mpaka ikakaa. Wapulizaji walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri zamu yao, na hakuna aliyelalamika kwamba anapotezewa muda.

Hiyo ndiyo shule ninayoisema. Ujuzi ule haupo kwenye video ya YouTube, kwa sababu video itakuonyesha vidole vya mtu mmoja, na dansi ni mazungumzo ya magitaa matatu.

Nawasilisha. Wenye hoja karibuni.

Mtoto wa Magomeni

Mkuu, uzi mzuri, ila naona umepamba. Shule bila ada inafungwa. Mimi nimekulia jirani na DDC Magomeni Kondoa, wikiendi muziki ulikuwa unasikika mpaka chumbani, tulikuwa tunalala na besi. Leo ukumbi wa dansi unaofanya kazi kila wiki uutafute kwa tochi. Baa zimejaa, lakini ndani kuna DJ na spika mbili. Mwenye baa anapiga hesabu: bendi ni watu kumi na kitu, wanataka nauli, wanataka kula, wanataka vyombo visafirishwe. DJ ni mtu mmoja na kompyuta yake. Wewe ungefanyaje?

Kwa hiyo suala ni pesa. Mambo ya mzee kumfundisha kijana yatakuja yenyewe kukiwa na pesa.

Mdau wa Dansi

Mtoto wa Magomeni, hapo kwa DJ huna mpinzani. Bendi kamili ya dansi inahitaji waimbaji watatu wanne, solo, second solo, ridhimu, besi, dramu, tumba, tarumbeta na saksafoni. Gawanya mapato ya mlangoni kwa watu hao, toa gari la vyombo, toa mafuta ya jenereta siku umeme umekatika, uone kinachobaki. Na bado kuna mapromota wanaokubaliana bei kwa simu, muziki ukiisha hawapokei tena.

Lakini kwamba ujuzi utakuja wenyewe pesa ikija, hapana mkuu, nakataa. Pesa ilikuja. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, African Stars Twanga Pepeta chini ya Asha Baraka walikuwa wanajaza Mango Garden pale Kinondoni, FM Academia nao wana mashabiki wao, vijana wanagombea kuingia. Muziki ule niliupenda na ninaupenda. Ila angalia kilichotokea kwa wapulizaji. Bendi nyingi mpya ziliondoa tarumbeta na saksafoni, kinanda kikachukua nafasi. Pesa ilikuwepo, na bado kizazi kizima cha vijana hakikujifunza kupuliza, kwa sababu hapakuwa na kiti cha kukalia jirani na mpulizaji. Leo bendi ikimpoteza mpiga tarumbeta wake, inamtafuta mwingine kwenye bendi za polisi, za jeshi, au za kanisani.

Pesa bila kiti jirani na mzee inaleta bendi, haileti dansi.

Kijana wa Besi

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mmoja wa hao vijana mnaowaongelea. Nilianzia kanisani, kwaya yetu ilikuwa na magitaa, hapo ndipo wengi wetu tumetokea. Dansi nimeingia kwa sababu mpiga besi wa bendi fulani aliugua, nikaitwa kushikilia. Nilidhani najua. Wimbo wa kwanza tu nilipotea kabisa, kwa sababu kanisani tulizoea kubadilisha kodi (chords) kwa hesabu, na huku mzee wa dramu anabadilisha anapoona wachezaji wamekolea. Nilikuwa natazama kodi, kumbe nilitakiwa nitazame sakafu, watu wanavyocheza.

Wazee wametufundisha kwa moyo, nawashukuru mbele yenu. Lakini kuna jambo lazima niliseme kwa adabu. Tunaruhusiwa kupiga, haturuhusiwi kutunga. Nina nyimbo kwenye simu. Nikizileta mazoezini naambiwa, "Subiri kwanza, wateja wanataka zile." Na kweli wateja wanataka zile. Ukianza wimbo mpya watu wanakwenda chooni na kaunta. Ukirudi kwenye wimbo wa mwaka 1983 uwanja unajaa. Sasa mimi nitaishi maisha yangu yote kwa vidole vya marehemu?

Mdau wa Dansi

Marahaba mdogo wangu. Uliyoyasema nimeyasoma na kuyarudia.

Nataka wapenzi wenzangu wenye umri wangu tulibebe hili. Kosa ni letu sisi tunaokaa mezani, tunaandika jina la wimbo kwenye kikaratasi, tunakifungia kwenye noti ya elfu kumi na kukipeleka jukwaani. Wimbo ule tunaouomba leo, siku ulipopigwa mara ya kwanza ulikuwa mpya na hakuna aliyeujua. Gurumo, Bitchuka, Dede, Maneti, Marijani, wote walikuwa vijana walipotunga zile tunazolilia. Hemedi Maneti amefariki mwaka 1990, Marijani Rajabu mwaka 1995. Hao wawili hawakuwahi kuwa wazee. Sisi ndio tumewazeesha kwa kuwaita "wakongwe", tukasahau kwamba tunapenda kazi za vijana.

Na zamani kulikuwa na njia. Bendi ikitunga, inakwenda Radio Tanzania kwenye studio za Pugu Road, wanarekodi bendi nzima kwa mkupuo, mtu akikosea mnaanza upya. Redio ilikuwa moja, hivyo wiki ile ile nchi nzima imeusikia. Ukifika ukumbini watu tayari wanaitikia kiitikio. Wimbo mpya ulikuwa unatambulishwa kabla haujafika kwa mcheza. Tangu redio binafsi ziingie miaka ya 1990, wimbo wa dansi una dakika nane au tisa, redio inataka dakika tatu na nusu, na chemko ndiyo inayokatwa. Yaani inakatwa sehemu ambayo watu walikuwa wanaisubiri.

Ombi langu kwa viongozi wa bendi mnaosoma hapa: kila onyesho, wimbo mmoja wa kijana. Mmoja tu, na uwekwe katikati wakati uwanja umekolea, msiuweke saa mbili usiku ukumbi ukiwa na wahudumu peke yao. Upigwe wiki hiyo, na wiki ijayo, na ile nyingine, mpaka watu waushike. Msondo na Sikinde hawakupata wapenzi kwa kupiga wimbo mara moja.

Dada wa Temeke

Habari zenu kaka zangu. Naona mmetaja waimbaji na wapiga magitaa, wote wanaume. Sisi wanawake kwenye dansi tumewekwa mbele, tunaimba au tunanengua. Luiza Mbutu ameimba Twanga Pepeta kwa miaka na ameiongoza, na Asha Baraka amemiliki bendi wakati wanaume wengi walikuwa wanafunga za kwao. Lakini nionyesheni msichana anayekaa nyuma na gitaa la solo. Mnasema bendi ni shule. Shule hiyo inaandikisha wavulana.

Mimi nilitaka kujifunza tumba. Niliambiwa mikono itaharibika.

Mdau wa Dansi

Dada, hapo nakuunga mkono moja kwa moja, na sitaki kuleta visingizio. Kuna sababu moja ya kweli ambayo viongozi wa bendi wanaweza kuirekebisha kesho asubuhi: onyesho linaisha usiku wa manane, na bendi haina utaratibu wa kumrudisha mtu nyumbani. Mvulana analala kwenye viti mpaka alfajiri. Msichana mzazi wake hatakubali, na ana haki. Bendi zinazofanya bonanza la Jumapili alasiri zingeanza hapo. Jua likiwaka, familia ipo, msichana akae kwenye tumba.

Mikono haiharibiki. Inaota sugu, kama ya kila mpiga tumba.

Mzee wa Tarumbeta

Vijana, hamjambo. Nilipuliza kwenye bendi ya shirika moja, nimestaafu sasa, meno yameniangusha.

Mwanzisha uzi ameongea vizuri. Naongeza mawili. Moja, sisi tulisomeshwa pia na wageni waliokuja kukaa hapa. Wakongo walipofika na Maquis na bendi nyingine miaka ya 1970, tuliwakimbilia. Tulikuwa tunamaliza kazi zetu tunakwenda kusimama mbele ya jukwaa lao kuangalia. Wao nao wakajifunza Kiswahili chetu na utunzi wetu wa mafumbo. Kijana wa leo akisema Wakongo wametuharibia, hajui.

La pili, vyombo. Ridi, ule ulimi wa mdomoni mwa saksafoni, huupati duka la kawaida. Mtu anaagiza kwa jamaa aliye nje, akipata anautunza kama kidonge cha mwisho. Nimemwona kijana anapuliza ridi iliyopasuka, amekata kwa wembe ili itoe sauti. Anapiga sauti mbaya halafu mnasema hajui. Sisi vyombo tulipewa na mwajiri, kazi yetu ilikuwa kupuliza tu. Tusiwapime hawa kwa mizani yetu.

Mdau wa Dansi

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa kutupa muda wako.

Hilo la ridi na nyuzi za gitaa tulichukue sisi wapenzi. Watu tunatunza waimbaji kwa noti, tunambandika mtu usoni mbele ya ukumbi mzima. Nani amewahi kumtunza mpiga besi seti ya nyuzi?

Mtoto wa Magomeni

Nimerudi. Kwenye suala la wapulizaji umenishinda, nakubali. Lakini mnasahau vijana wa nje ya bendi kongwe. Banana Zorro ni mtoto wa Zahir Ally Zorro wa Kimulimuli, bendi ya JKT, amekulia ndani ya muziki wa baba yake, akaenda Bongo Fleva, akaunda bendi yake, anapiga laivu. Hiyo si shule pia? Na kuna vijana wanapiga Nafasi Art Space kule Mikocheni, wengine Alliance Française pale Upanga, wamepita chuo cha sanaa TaSUBa Bagamoyo au chuo cha muziki cha Zanzibar, wanasoma noti, wanachanganya jazz ya Marekani na ngoma za kwao. Wale hawamjui mzee yeyote wa Msondo ila wanapiga kweli kweli.

Mdau wa Dansi

Ni shule, tena nzuri, na mfano wa akina Zorro ni mzuri kwa sababu ujuzi ulipita sebuleni kabla ya kufika jukwaani.

Hao wa Mikocheni na Upanga nawaheshimu. Wanasoma noti, wana nidhamu ya mazoezi, wanajua kujiandikia barua ya maombi ya ufadhili, jambo ambalo bendi kongwe zimeshindwa kabisa. Kinachoniuma ni barabara iliyopo kati yao na Ilala. Mpiga saksafoni wa Mikocheni anahangaika kutafuta watu wa kupiga nao, bendi ya Ilala inahangaika kutafuta mpiga saksafoni, na wanaishi jiji moja. Mmoja hajui kwamba mazoezi ya mwenzake ni wazi kwa yeyote anayepita. Mwingine anadhani kule kwa mwenzake ni kwa wazungu na watu wa balozi. Tarehe 30 Aprili kila mwaka ni Siku ya Jazz Kimataifa. Sijui kwa nini siku hiyo isiwe ya kupanga wapulizaji wa pande zote mbili jukwaa moja, Mnazi Mmoja, bila kiingilio.

Wanaojua noti pia wana kazi nyingine inayowasubiri. Zile sauti za wapulizaji walizozipanga akina Enoch zipo vichwani mwa watu na kwenye kanda za Radio Tanzania zilizobaki TBC. Hazijaandikwa. Kijana anayesoma noti akikaa na mzee mmoja mmoja, mzee anaimba kwa mdomo, kijana anaandika, miaka michache tu tutakuwa na kitabu ambacho mpiga tarumbeta wa Mbeya au Tanga anaweza kukifungua akapiga. Na mwenye wimbo, au warithi wake, waandikishwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wakati huo huo. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999. Wajane wa watunzi wengi hawana hata karatasi inayoonyesha kwamba mume ndiye aliyetunga.

Kijana wa Besi

Mkuu, mimi hilo la kuandika nalitaka. Noti nasoma kidogo, za kanisani. Mzee wa Tarumbeta, kama hutajali, naomba nije kwako PM. Simu yangu inarekodi vizuri.

Mzee wa Tarumbeta

Njoo mwanangu. Kupuliza siwezi tena lakini kuimba sauti zote tatu naweza. Ukija njoo na mwenzako mmoja anayepuliza, tusifanye kazi ya karatasi tupu.

Mgeni wa uzi

Habari wakuu. Nimesoma wote kimya kimya. Nina mwanangu ana miaka kumi na sita, yuko Mbagala, anapiga gitaa kwa kuangalia simu, hana mwalimu. Huwa anapiga zile za zamani za Sikinde, sijui kazitoa wapi. Nimpeleke wapi?

Mdau wa Dansi

Ndugu, usimpeleke onyesho la usiku kwanza. Mpeleke mazoezini. Ulizia bendi inafanya mazoezi siku gani, nenda naye wewe mzazi, salimia, muombe kiongozi kijana akae asikilize. Mara nyingi hawakatai. Mwambie asikimbilie solo. Akae karibu na mtu wa ridhimu, aangalie mkono wa kulia, wa kushoto atauona baadaye. Aende na nyuzi zake mwenyewe mfukoni, siku uzi wa gitaa la mzee ukikatika awe wa kwanza kutoa. Gitaa likishafungwa uzi wake, atapewa alijaribu.

Nitumie PM nikuelekeze mazoezi ya karibu na Mbagala. Na wengine wenye ratiba za mazoezi na za maonyesho ya bendi zenu, wekeni hapa chini: siku, saa, ukumbi na kiingilio.